Dakika Tano za Kunyamaza

Katika ofisi zetu za umma na katika vyuo vyetu kuna uamuzi unaofanywa kila siku bila kikao, bila muhtasari na bila mtu wa kuulizwa. Mtu ameingia katika mfumo wa kompyuta kwa jina lake na nywila yake, akafanya kazi, kisha akanyamaza. Hakugusa kibodi, hakusogeza kipanya. Baada ya dakika kadhaa mfumo unamhukumu kuwa hayupo, unamtoa nje, na kumtaka aanze upya mlangoni. Wataalamu wa TEHAMA huliona jambo hili kuwa dogo, sehemu ya mipangilio inayobadilishwa kwa kubonyeza mara mbili. Mimi nimefundisha utawala wa umma kwa miaka mingi, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hapo ndipo mwajiri, mtumishi na mwananchi wanapokutana kila siku bila kusalimiana.

Nianze kwa kuutendea haki upande wa pili. Kumtoa mtumiaji aliyenyamaza kuna sababu nzito. Jina ninaloingilia katika mfumo ni sahihi yangu. Zamani, katika masijala na ofisi za uhasibu, muhuri ulifungiwa kwenye droo na ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja anayejulikana. Muhuri ukionekana juu ya meza wakati mwenyewe yuko nje, mkuu wa ofisi alikuwa na la kusema. Kompyuta iliyoachwa wazi ni muhuri uliolala juu ya meza. Yeyote apitaye anaweza kuidhinisha malipo, kubadili alama, kusoma faili la mgonjwa au la mtumishi mwenzake, na chochote atakachofanya kitaandikwa kwa jina la aliyekwenda kunywa chai. Katika maabara ya kompyuta ya wanafunzi kuna sababu ya pili: viti ni vichache. Mwanafunzi anayeondoka bila kujitoa anawazuilia wenzake mashine isiyotumika, na papo hapo anaziacha barua pepe zake na matokeo yake wazi kwa yeyote atakayekalia kiti hicho baada yake.

Sababu hizi mbili, uhaba na usalama, ni ndugu wa tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa ghali kiasi kwamba chuo kizima kililazimika kugawana mashine moja. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo uliowawezesha watu kadhaa kuitumia mashine hiyo kwa wakati mmoja, ikiruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine upesi hata kila mtu akajiona yuko nayo peke yake. Mfumo huo, CTSS, hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuwapa watumiaji wa kompyuta nywila. Kila mmoja alikuwa na faili zake na muda aliopangiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alipoona muda wake hautoshi kwa utafiti wake, aliiagiza mashine ichapishe faili lililokuwa na nywila za watu wote, akaanza kutumia muda wa wenzake. Alikuja kulisimulia hilo mwenyewe miaka mingi baadaye. Kisa hiki huwa ninawasimulia wanafunzi wangu, kwa sababu mmoja wa wizi wa nywila wa mwanzo kabisa haukufanywa na mhalifu wala jasusi. Ulifanywa na mwanafunzi aliyechoshwa na foleni.

Sasa tuulize: mashine inajuaje kwamba mtu hayupo? Haijui. Inachojua ni muda uliopita tangu ipate mguso wa mwisho. Katika mifumo ya Unix na Linux, inayoendesha seva nyingi za vyuo, msimamizi anaweza kuweka idadi ya sekunde katika kigezo kiitwacho TMOUT. Programu ya bash, ambayo kazi yake ni kupokea amri za mtumiaji, ikisubiri sekunde hizo bila kuandikiwa kitu, inajifunga. Lakini hesabu hiyo hufanyika tu pale bash inaposubiri amri mpya. Mtu akifungua waraka ndani ya programu ya kuhariria, akauacha hivyo na kwenda nyumbani, TMOUT haimgusi. Anayetolewa ni yule aliyemaliza amri yake, akatulia akisoma majibu. Ziko programu nyingine zinazotazama ni lini mtumiaji aligusa kibodi mara ya mwisho, kisha zinakata kila kitu. Hizo nazo zinaweza kumwangusha mwanafunzi aliyeiachia mashine hesabu ya takwimu ya usiku kucha: amelala akijua kazi inaendelea, asubuhi anakuta hakuna kitu. Kwa kanuni ya mguso alikuwa hana shughuli, ilhali mashine ilikuwa ikitoka jasho kwa ajili yake.

Mifumo ya mtandaoni ina kasoro inayoudhi zaidi, kwa kuwa inawapata wananchi wengi. Saa inayohesabu ukimya mara nyingi iko kwenye seva, na seva huona tu kile kinachotumwa kwake. Mtu anajaza fomu ndefu, anaandika sentensi moja moja, ananyanyuka kutafuta cheti kabatini, anarudi, anaendelea. Amefanya kazi dakika 40. Ikiwa ukurasa haukutengenezwa kutuma chochote hadi abonyeze kitufe cha mwisho, kwa seva huyo ni mtu aliyelala. Anabonyeza, anarudishwa mlangoni, na alichoandika kimepotea. Katika vibanda vya intaneti nimewaona vijana wakikipiga kiganja paji la uso kwa jambo hili, tena wakiwa wanalipia kila dakika.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtaja mtu asiyegusa kitu: amenyamaza, ametulia, amekaa bure, anazurura. Kila neno lina hukumu yake ndani, na dola nayo imekuwa na mazoea ya kuchagua lile kali. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza iliwatengea kifungu chao, cha 176, wale waliohesabiwa kuwa wavivu na wasio na utaratibu. Mwaka 1983 ikaja sheria iliyojulikana kwa wengi kama Nguvu Kazi, na katika mitaa ya Dar es Salaam watu wakakamatwa kwa kushindwa kuonyesha wanafanya kazi gani, wengine wakasafirishwa kwenda vijijini. Mwenye kitambulisho cha mwajiri alipita. Mwenye kujitafutia riziki kwa mikono yake, bila karatasi, alikuwa na maelezo marefu ya kutoa na askari hakuwa na muda wa kuyasikiliza. Sisemi kwamba kutolewa kwenye kompyuta ni sawa na kupakiwa kwenye lori. Atakayesema hivyo atakuwa amewadharau waliopakiwa. Ninachosema ni kwamba mantiki ni ya ukoo mmoja: kazi inatambuliwa kwa alama inayoonekana papo hapo, na asiyekuwa na alama hiyo anahesabiwa hana kazi. Mhadhiri anayesoma insha ya kurasa 20 iliyochapishwa kabla ya kuingiza alama moja tu kwenye mfumo hagusi kibodi. Afisa wa ardhi anayemsikiliza bibi kizee akieleza mipaka ya shamba lake hagusi kibodi. Ningethubutu kusema kwamba kadiri kazi inavyohitaji akili au utu zaidi, ndivyo kompyuta inavyoona ukimya mrefu zaidi.

Haya yote yangebaki kuwa mazungumzo ya kunywea kahawa kama yasingekuwa na mtu wa kuyalipia. Miaka michache iliyopita niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ndogo ya uchunguzi katika chuo ambacho sitakitaja. Alama za wanafunzi wanne zilikuwa zimebadilishwa katika mfumo wa matokeo. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa bayana: mabadiliko yalifanyika saa 7 na dakika 12 mchana, kwa jina la karani wa mitihani, mtu mzima aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Karani alisema kwamba muda huo alikuwa kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, na mama lishe mwenyewe akaja kuthibitisha, akiwa bado na kanga yake ya kazini kiunoni. Mwenyekiti wetu akauliza maswali mawili ambayo kwa taratibu za utumishi yalikuwa sahihi kabisa.

"Jina hili ni lako au si lako?"

"Ni langu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Na nywila unayo wewe peke yako?"

"Ninayo mimi, Mheshimiwa."

Wajumbe wakaandika.

Niliomba tukaione ofisi yenyewe. Tulikuta watu watatu na kompyuta moja. Nilipima kwa saa yangu muda wa kuingia: tangu kuandika nywila hadi ukurasa wa matokeo kufunguka zilipita dakika nne na ushei, na siku hiyo, wakasema, mtandao ulikuwa mzuri. Wakati wa kuingiza matokeo, wote watatu walipokezana kiti chini ya jina la aliyefungua asubuhi, kwa sababu kila mmoja kuanza upya kungeimeza nusu ya siku, na tarehe ya mwisho ya Seneti haisogei. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa joto. Wanafunzi waliingia na kutoka kuulizia karatasi zao.

Tukamwuliza kijana wa TEHAMA kwa nini mfumo haukumtoa karani alipokwenda kula. Akatueleza kwa adabu, akiwa amesimama. Mfumo ulipoanza uliwekwa umtoe mtu baada ya dakika tano. Wahadhiri wakalalamika, makarani wakalalamika, na mkuu wa idara mmoja akapiga simu kwa hasira baada ya kupoteza ukurasa mzima wa alama. Likaja agizo la mdomo kwamba kitu hicho kiondolewe, nacho kikaondolewa chote.

"Mwalimu, hakuna aliyeniuliza zingefaa dakika ngapi," aliniambia tulipokuwa tukishuka ngazi. "Waliniambia toa, nikatoa."

Kutoka dakika tano hadi milele, na katikati hapo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekaa na wale watumishi watatu asubuhi moja kutazama wanavyofanya kazi. Aliyebadilisha alama hakujulikana. Karani alipewa barua ya onyo kwa kutolinda nywila yake, akahamishiwa idara nyingine. Niliandika maoni tofauti, yakaambatishwa nyuma ya taarifa. Hoja yangu ilikuwa kwamba taasisi iliyowapa watu watatu kiti kimoja, na mlango usiojifunga wenyewe, haiwezi kuja baadaye kudai kwamba jina peke yake ni ushahidi wa mkono. Kumbukumbu ya mfumo inasema jina lipi lilitumika. Vidole vya nani vilikuwa juu ya kibodi, haisemi, na wajibu wa kuvioanisha viwili hivyo ulikuwa wa chuo kabla haujawa wa karani. Wenzangu katika kamati hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na karatasi yenye jina, na katika utawala wetu karatasi yenye jina ina nguvu kuliko mama lishe mwenye kanga kiunoni. Nilikutana na karani yule baadaye kwenye kituo cha daladala. Tukaulizana hali za nyumbani, kisha akaniambia, "Mwalimu, miaka 32 sijawahi kupoteza hata muhuri."

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya nchi yenye kompyuta chache. Sivyo. Mwaka 2015 watafiti Ross Koppel, Sean Smith, Jim Blythe na Vijay Kothari walichapisha utafiti kuhusu namna wahudumu wa afya wanavyozikwepa kanuni za kuingia kwenye kompyuta za hospitali. Walieleza kuhusu vihisi vilivyowekwa ili mashine imtoe mtu anapoondoka, na wahudumu wakavifunika vikombe vya plastiki ili mashine iamini bado kuna mtu. Walieleza pia kuhusu timu iliyompa mdogo wao kazi ya kubonyeza vibodi vya wenzake mara kwa mara ili mifumo isiwatoe. Watu hao walikuwa na wagonjwa mbele yao, na kila kuanza upya kuliiba muda wa mgonjwa. Kanuni iliyowekwa kulinda siri za mgonjwa ikazaa desturi inayoziacha wazi kutwa nzima. Mantiki ya Allan Scherr haijazeeka: ukiufanya mlango kuwa mgumu kwa mtu mwenye kazi halali, ataweka jiwe usifungike.

Sheria zetu zimeyagusa mambo haya kwa pande mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na kifungu cha 5 kinaongeza kosa la kuendelea kubaki ndani baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Ya kwanza inamtazama aliyeketi kitini. Ya pili inamtazama mwenye nyumba. Katika vikao vya nidhamu nilivyowahi kuhudhuria, nimesikia lugha ya ile ya kwanza mara nyingi. Lugha ya hii ya pili bado ninaisubiri.

Na dakika zenyewe? Viwango vya usalama vya sekta ya kadi za malipo, PCI DSS, ambako kila sekunde ni fedha za mtu, vinataka mtumiaji ajitambulishe upya baada ya dakika 15 za ukimya. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, uliweka dakika 30 kwa daraja la kati la uhakika na 15 kwa daraja la juu kabisa. Kanuni za Marekani za kulinda taarifa za afya zinataja kujitoa kwa mfumo kwenyewe lakini hazitaji dakika hata moja. Zinaiachia taasisi ipime mazingira yake. Kwa hiyo anayeleta dakika tano kwenye ofisi ya mitihani, au kwenye dirisha la wateja wa halmashauri, analeta uamuzi wake mwenyewe. Huenda ni sahihi. Kwenye mashine iliyo ukumbini, inayopitiwa na kila mtu, hata dakika tano zinaweza kuwa nyingi. Lakini aeleze.

Jambo ambalo ningelitanguliza, kabla ya kubishana juu ya dakika, ni kwamba kazi ya mtu isipotee. Mfumo ukihifadhi rasimu kila baada ya muda mfupi, na mtu akirudi akaikuta sentensi yake pale alipoiachia, hasira nyingi zitakwisha zenyewe na hakuna mkuu wa idara atakayepiga simu. Linalofuata ni onyo. Miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandao zifikike kwa watu wote, katika toleo lake la mwaka 2008, inataka mtumiaji aonywe kabla muda haujakwisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi, kama kubonyeza kitufe kirefu cha nafasi. Iliandikwa kwa kuwafikiria wenye ulemavu, pamoja na asiyeona anayesomewa skrini na programu, lakini faida yake inamfikia kila anayeandika polepole, na sisi tuliolelewa kwa kalamu ya wino tumo humo.

Kisha kuna tofauti ambayo ofisi zetu huichanganya, ya kufunga skrini na kumtoa mtu. Katika ofisi yenye mtu mmoja na mashine yake, kufunga skrini kunatosha: akirudi anaandika nywila na kazi iko palepale. Katika maabara ya wanafunzi kufunga skrini ni balaa, maana aliyefunga amekwenda zake na kiti kimekufa hadi atakaporudi au msimamizi aitwe. Hapo ni lazima mfumo umtoe, uhifadhi alichoacha, na umpishe anayefuata. Ofisi ya watu watatu na kompyuta moja haifai kwa lolote kati ya haya mawili. Dawa yake ni kompyuta nyingine mbili, au kuingia kunakochukua sekunde chache badala ya dakika nne, na hilo liko kwenye bajeti. Mipangilio ya mfumo haiwezi kulitibu.

Mezani kwangu sasa kuna rasimu ya sera ya TEHAMA ya chuo ninakofundisha. Ina kurasa 41. Suala hili limepewa mstari mmoja: "Mtumiaji yeyote atakayekaa bila shughuli kwa dakika tano ataondolewa kwenye mfumo." Pembeni nimeandika kwa penseli: zimepimwa wapi, na ofisi ipi? Chini yake nimependekeza kifungu kinachosema kwamba jina katika kumbukumbu za mfumo halitatumika peke yake kumtia mtumishi hatiani pale ambapo chuo kilijua kwamba mashine inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kikao cha kuipitia ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Nimeomba kwa maandishi makarani wawili wa ofisi ya mitihani waalikwe. Hadi ninapoandika haya sijajibiwa.